Mtoto Hajazoea Shule ya Awali: Soma Dalili, Tafuta Chanzo

Mtoto akilia mlangoni mwa darasa siku ya kwanza, kila mtu ana neno la kusema. Mmoja atakwambia anadeka, mwingine atasema hajafikisha umri, wa tatu atakushauri umwache alie mpaka achoke mwenyewe. Wote watatu wanatazama machozi. Mimi nimekaa upande wa ndani wa mlango huo kwa miaka mingi kama mwalimu, na upande wa nje mara mbili kama mama, na katika dalili zote machozi ya mlangoni ndiyo ninayoyaamini kidogo kuliko nyingine. Yupo mtoto anayelia kwa sauti ya kutisha, kisha baada ya dakika tano unamkuta kwenye mchanga anachota na kumwaga. Yupo mwingine anayeingia kimya, anakaa anapoonyeshwa, na mpaka jioni hamsogelei mtu yeyote. Huyu wa pili ndiye anayeninyima usingizi.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, tafuta majibu ya maswali mawili. Kwanza, shida inajitokeza saa ngapi? Asubuhi mkiwa bado nyumbani, mlangoni, katikati ya siku, wakati wa kulala mchana, au jioni akisharudi? Pili, akilia akiwa darasani, ni nani pale anayeweza kumbembeleza akanyamaza? Kama yupo mtu huyo, mtoto yuko njiani, hata kama asubuhi bado anakulilia. Kama hakuna, kuzoea hakujaanza, hata kama mtoto halii kabisa.

Analia na kung'ang'ania mlangoni

Anza kwa kumuuliza mwalimu: nikishaondoka, analia kwa muda gani, na baada ya hapo anafanya nini? Jibu la "anaendelea vizuri tu" halikusaidii, omba maelezo zaidi. "Dakika kumi, halafu akaenda kujenga na wenzake" ni habari. "Saa nzima, akanyamaza, akaanza tena kila mlango ulipofunguliwa" nayo ni habari, na inatupeleka kwingine kabisa.

Tuanze na anayelia dakika chache kisha akacheza. Huyu chanzo chake ni kule kutengana kwenyewe. Hofu ya kuachwa huanza mtoto akiwa na miezi minane hivi, huzidi katika mwaka wa pili, na kwa wengi hupungua wanapokaribia miaka mitatu. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alieleza kwamba mtoto mchanga huzaliwa na msukumo wa kubaki karibu na anayemlea, kwa kuwa kwa kiumbe asiyeweza kujikinga ukaribu huo ndio usalama wake. Mtoto anayekulilia hana kasoro wala hajaharibiwa na malezi. Cha kurekebisha hapa ni namna mnavyoagana.

Aga kwa namna ile ile kila siku: mkumbatie mara moja, mwambie kwa sentensi moja utarudi lini, nenda. Mtoto wa miaka mitatu hasomi saa, kwa hiyo mtajie mambo anayoyajua: "Mkishakula, mkishalala, mkishatoka kucheza nje, utaniona hapa mlangoni." Halafu wakati huo ukifika, uwepo mlangoni. Katika wiki za kwanza kuchelewa dakika ishirini si jambo dogo, kwa sababu anawaona wenzake wakichukuliwa mmoja baada ya mwingine, na ile sentensi yako ya asubuhi ndiyo kitu pekee alichoshika.

Usitoroke. Najua inavyovutia: mtoto amegeuka kutazama mdoli, mlango uko wazi, unanyata. Nilimfanyia hivyo mwanangu wa kwanza kwa wiki nzima, na kila siku niliambiwa hakulia nilipoondoka. Ilipofika wiki ya pili alikuwa hageuki tena. Akiwa nyumbani alinifuata jikoni, akanifuata bafuni, alikataa hata kufumba macho usiku kama sijamshika mkono. Alikuwa amejifunza kwamba ukiacha kumtazama mama, mama anapotea. Ilinichukua zaidi ya mwezi mzima kuyarudisha yale niliyoyaharibu kwa siku tano, na mpaka leo mzazi akiniuliza kama anaweza kuchomoka kimyakimya, namshika mkono na kumwambia aage, hata kama mtoto atalia. Kilio cha kuagwa kina mwisho.

Kosa la pili ni kuaga mara tatu. Mzazi anaaga, mtoto analia, mzazi anarudi kumfuta machozi, anaaga tena, anasimama dirishani. Kila anaporudi, mtoto analazimika kuachwa upya. Kama huwezi kuondoka na kilio kikiwa masikioni, mwombe mwalimu akutumie ujumbe baada ya robo saa. Mwalimu mwema hatakunyima hilo.

Chanzo kingine wazazi hawapendi kukisikia: uso wako. Mwaka 1985 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambapo watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza ya kioo, ambayo chini yake palionekana kama pana shimo fupi. Upande wa pili alisimama mama. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Mlango wa darasa ni kioo cha namna hiyo. Kama moyo wako haujatulia kuhusu shule yenyewe, kaa na mwalimu siku nyingine mkiwa wawili, uliza yote, umalize shaka zako huko. Na kama asubuhi unashindwa kabisa kuzuia machozi, kwa wiki mbili mwache baba, bibi au mjomba ndiye ampeleke. Watoto wengi huagana kwa wepesi na mtu ambaye hawajazoea kumlilia.

Analia kutwa, hatulizwi na mtu

Hapa mlango hauhusiki tena. Mtoto hajapata mtu wake ndani, na mara nyingi ni kwa sababu aliachwa upesi mno.

Ujerumani kuna utaratibu wa kuwazoesha watoto ulioanza Berlin katika miaka ya 1980, nao ninaupenda kwa sababu unakwenda kwa mwendo wa mtoto. Siku tatu za kwanza mzazi anakaa darasani na mtoto kwa muda wa saa moja hivi, kisha wanaondoka pamoja. Hakuna kuachana. Mzazi anakaa pembeni, hamwongozi mtoto wala hamsukumi, anabaki kuwa mahali pa kukimbilia, huku mwalimu mmoja, yule yule kila siku, akisogea taratibu kupitia mchezo. Siku ya nne mzazi anaaga na kutoka chumbani kwa muda mfupi, usiozidi nusu saa. Mtoto akilia na mwalimu akishindwa kumtuliza, mzazi anaitwa baada ya dakika mbili au tatu, na jaribio la pili linasubiri siku kadhaa. Akitulia mikononi mwa mwalimu, muda unaongezwa siku hadi siku. Siku ya nne ikiangukia Jumatatu, wanasubiri Jumanne, kwa kuwa mapumziko ya wiki humrudisha mtoto nyuma. Na kazi huhesabiwa imekwisha pale mtoto anapokubali kubembelezwa na mwalimu akiwa na huzuni. Si lazima awe ameacha kumlilia mzazi.

Shule yako huenda haina utaratibu wa namna hiyo, na kazi yako huenda haikupi ruhusa ya siku kumi. Hata hivyo mambo matatu yanaweza kuombwa karibu popote. Omba ajulikane mwalimu mmoja atakayempokea asubuhi, na umkabidhi mtoto kwake mkono kwa mkono, badala ya kumwachia mtoto katikati ya chumba. Omba kwa wiki mbili mtoto achukuliwe mapema, kabla ya kulala mchana, maana usingizi ndio saa ngumu kuliko zote: taa zimezimwa, michezo imekwisha, na mtoto anabaki na kumkumbuka mama. Kisha mpe mwalimu funguo za mwanao. Anabembelezwa vipi nyumbani? Anapenda kubebwa au kubebwa kunamzidishia kilio? Ana neno gani la kuomba maji? Asiyekujua hakuthamini, na mwalimu mwenye watoto ishirini hawezi kubahatisha kwamba huyu mmoja hutulia akipapaswa mgongo tu.

Kama mmekwishaanza vibaya, rudini nyuma. Wazazi huogopa kwamba kupunguza saa ni kumwonyesha mtoto ameshinda. Hapa hapajachezwa mchezo wa kushinda. Mtoto anayelia saa nne mfululizo haendi akizoea. Anachoka, na kesho anaanza akiwa na hofu zaidi ya leo. Wiki moja ya saa mbili mbili, ukiwa naye siku za kwanza, huokoa miezi.

Kuna jambo moja la kuulizia pia: walimu wanabadilishwa mara ngapi? Mtoto aliyekuwa ameanza kutulia akirudi kulia siku moja ghafla, swali langu la kwanza ni kama mwalimu wake yupo. Mara nyingi yuko likizo, au amehama, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mtoto.

Wiki ya kwanza hakulia, ya tatu ndiyo ameanza

Hii huwashtua wazazi. Wanafikiri kuna jambo baya limetokea. Mara nyingi limetokea jambo la kawaida: ugeni umeisha. Wiki ya kwanza shule ilikuwa matembezi, ina vitu vipya na kelele mpya. Baadaye ndipo mtoto anatambua kwamba matembezi haya hayana mwisho. Mweleze wazi kwamba kila siku za shule zikifika atakwenda, na kila siku utakuja kumchukua. Endelea na kuaga kwenu. Hupita ndani ya wiki moja au mbili. Kilio kinachorudi baada ya ugonjwa, likizo, au mtoto mchanga kuzaliwa nyumbani nacho ni cha aina hii hii, na kinaondoka kwa njia hii hii.

Lakini ukimya wenyewe usiusifu haraka. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na Bowlby, alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali bila mama yake, wakati ambapo wazazi waliruhusiwa kutembelea kwa nadra. Waliowaona watoto wa namna hiyo wodini waliamini wametulia. Robertson alitaka watu wamtazame mtoto kwa makini: kwanza hupinga na kulia, halafu hukata tamaa, na mwisho hujitenga, akawa mpole kwa kila mtu na baridi kwa mama yake mwenyewe. Shule ya awali si hospitali ya wakati ule, na mtoto anayerudi nyumbani kila jioni hayuko katika hali ile. Ila somo la macho linabaki. Mtoto aliyetulia anacheza, anaomba, anakataa, anacheka, anagombania kitu. Mtoto aliyekata tamaa yuko mahali alipowekwa. Mwulize mwalimu: "Leo amegombana na nani?" Jibu likiwa "na hakuna mtu, hana shida kabisa," na likawa hilo wiki baada ya wiki, omba uruhusiwe kumtazama bila yeye kukuona.

Shuleni malaika, jioni analipuka

Mwalimu anasema siku imekwenda vizuri. Mnafika nyumbani, unamvua kiatu cha kushoto kabla ya cha kulia, na mtoto anajigaragaza sakafuni nusu saa. Wazazi wengi huhitimisha kwamba wao ndio wanaomdekeza, kwa kuwa kwa mwalimu hafanyi hivyo.

Tazama saa. Mtoto ameshinda akisubiri zamu, akizuia mkono usinyang'anye, akifuata maagizo ya mtu mgeni kati ya kelele za watoto wengi. Hiyo ni kazi nzito, na amefanya kazi hiyo mpaka nguvu zikaisha. Anapokuona wewe, anafika mahali ambapo hahitaji kujizuia tena. Kulipuka kwake ni deni la mchana linalolipwa usiku.

Usimhoji njiani. "Umefanya nini leo? Umekula nini? Umecheza na nani?" Yote hayo ni mtihani mwingine. Tembeeni kimya, umpe kitu cha kula na maji mara mfikapo, umwache akae karibu nawe bila kazi yoyote. Habari zitakuja zenyewe wakati wa kuoga au akiwa kitandani gizani. Kisha angalia usingizi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 katika saa 24, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtoto aliyekuwa akiamka mwenyewe saa mbili asubuhi na sasa anaamshwa saa kumi na mbili na nusu, amepoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Mara nyingi nimeona ulipukaji wote ukaisha kwa kumlaza mtoto saa moja tu mapema zaidi. Ni tiba rahisi kuliko zote katika maelezo haya, na ndiyo wazazi wanayoijaribu mwisho.

Anazuia haja

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu dalili hii hufichwa na aibu, na madhara yake huchukua muda mrefu kuondoka.

Mtoto anayejua choo vizuri nyumbani anafika shuleni na kujikojolea, au anazuia kutwa nzima, au anaacha kabisa kwenda haja kubwa. Usiulize kwanza kwa nini amerudi nyuma. Nenda ukakione choo, upige magoti mpaka macho yako yawe urefu wa macho yake. Utaona mlango mzito asioweza kuufungua, au usiofungika kabisa. Utaona tundu kubwa. Utasikia maji yakivutwa kwa kishindo. Halafu tazama nguo ulizomvalisha: mkanda, kifungo kigumu, zipu inayokwama. Mtoto anapohisi haja anakuwa amebakiwa na muda mfupi sana, na akiwa katikati ya mchezo huchelewa zaidi. Suruali ya mpira kiunoni imemaliza matatizo mengi kuliko mashauri yangu yote.

Pengine hajui neno la kuombea. Nyumbani mna neno lenu, na mwalimu halijui. Mpe mwalimu neno hilo, umfundishe mtoto la darasani, na umwombe mwalimu ampeleke kwa saa maalumu badala ya kusubiri aombe.

Haja kubwa ina hatari yake. Mtoto akizuia, choo hukauka na kuwa kigumu. Siku kikitoka kinauma, na maumivu yanamfanya azuie zaidi. Mduara huo ukikomaa, uchafu laini huanza kupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo bila yeye kujua. Mzazi anaona chupi chafu, anadhani mtoto anaharisha au amekuwa mvivu, na anamwadhibu kwa jambo asilolihisi hata kidogo. Ukiona haja imekuwa adimu, ngumu, inauma, au nguo zinachafuka kidogo kidogo, mpeleke kwa daktari mapema. Tatizo hilo linatibika, na adhabu hulizidisha.

Haongei

Nyumbani hanyamazi, darasani hatamki neno. Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni hulka: kuna watoto wanaotazama kwanza kwa majuma kabla ya kuingia, na wanapoingia wanakuwa wanajua sheria zote za mchezo. Ya pili ni lugha. Mtoto anayekutana na lugha nyingine darasani anaweza kukaa kimya kwa miezi akisikiliza. Usiache kuzungumza naye lugha ya nyumbani kwa kudhani utamsaidia. Hiyo ndiyo inayombeba.

Kwa wote wawili, mwalimu asimlazimishe kusalimia mbele ya darasa, na asimsemee kila kitu. Ampe kazi isiyohitaji maneno, kama kugawa vikombe, na mtoto mmoja mpole wa kuwa naye jirani. Mwalike mtoto huyo nyumbani kwenu ikiwezekana. Rafiki aliyemsikia akiongea sebuleni kwao ni daraja la kuongea darasani.

Wataalamu hawauhesabu mwezi wa kwanza wa shule wanapotazama ukimya huu, maana wakati huo kunyamaza ni kawaida. Lakini mtoto anayeongea vizuri nyumbani, na baada ya mwezi huo wa kwanza bado anashindwa kabisa kutoa sauti darasani mwezi hadi mwezi, hata akiumia au akihitaji choo, huenda ana hofu inayomfunga ulimi. Hafanyi kiburi. Kadiri anavyopata msaada mapema ndivyo inavyokuwa rahisi kumfungua.

Anang'ata, anasukuma, hachezi na wenzake

Kung'ata chini ya miaka mitatu hutokea sana mahali penye watoto wengi na vitu vichache. Uliza ilitokea wapi na saa ngapi. Kama ni kila siku kabla ya chakula, ana njaa. Kama ni kwenye kona yenye msongamano, tatizo ni kona. Mtoto afundishwe neno la kutumia badala ya meno, na mtu mzima akae karibu naye saa hiyo.

Kutocheza na wenzake mara nyingi si tatizo lolote. Mildred Parten, aliyechapisha utafiti wake kuhusu uchezaji wa watoto mwaka 1932, alieleza hatua ya kucheza sambamba: watoto wawili upande kwa upande, kila mmoja na mchezo wake. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu hiyo ndiyo kucheza na mwenzake.

Tumbo linauma kila asubuhi, mafua hayaishi

Yatenganishe haya mawili. Tumbo linalouma siku za shule tu, na kupona kabla ya saa nne asubuhi akibaki nyumbani, linatokana na hofu. Maumivu yenyewe ni ya kweli, kwa hiyo usimwambie anadanganya. Mwambie unajua linauma, na kwamba tumbo huuma tukiwa na wasiwasi, kisha tafuta anachokiogopa kwa kumpitisha katika siku yake saa kwa saa: mlangoni, chakula, choo, usingizi, nje. Atanyamaza au kugeuza uso mahali fulani. Anza hapo. Maumivu yanayomwamsha usiku, yanayokuja na homa, kutapika au kupungua uzito, ni ya daktari.

Mafua ni habari nyingine. Mtoto mdogo hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na mwaka wa kwanza wa kuchangamana na wengi huweza kuzidi hapo. Inachosha, nami nakupa pole, lakini haina maana kwamba shule haimfai. Hakikisha chanjo zimekamilika, mfundishe kunawa mikono, na usimpeleke akiwa na homa, kwa ajili ya watoto wa wengine pia.

Amerudi utotoni nyumbani

Kidole mdomoni, kitanda kilicholowa, kuomba kulishwa. Haya huja katika wiki za mabadiliko na huondoka yakiachwa bila kelele. Kama ana kitambaa au mdoli wake, mwache aende nao shuleni. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza tangu miaka ya 1950 kwamba kitu cha namna hiyo humsaidia mtoto kuvumilia kutengana na mama. Shule ikikataa midoli, mpe kipande kidogo cha khanga yako mfukoni. Usikifue.

Si kila kitu ni kuzoea

Kuna dalili ambazo sizipi wiki hata moja. Mtoto aliyekwisha kuzoea na ghafla anamwogopa mtu mmoja, chumba kimoja, au kuvuliwa nguo. Alama za mwilini ambazo hakuna anayeweza kuzieleza. Mtoto anayeigiza kwa midoli yake kupigwa au kutishwa kwa maneno ambayo hakuyasikia kwenu. Shule inayokuzuia kuingia bila sababu, au inayobadilisha maelezo kila unapouliza. Katika hayo, kaa naye nyumbani kwanza, msikilize bila kumtilia maneno mdomoni, na upeleke jambo kwa wanaohusika na ulinzi wa mtoto.

Mengine yanahitaji uchunguzi wa daktari wala hayatokani na shule, ila shule ndiyo imeyafichua: hageuki akiitwa jina, anapoteza maneno aliyokuwa nayo, anaziba masikio na kupiga kelele kwa sauti za kawaida, hafuati agizo jepesi ambalo wenzake wote wamefuata. Masikio yapimwe kwanza. Nimewahi kuwa na mtoto darasani aliyeitwa mkaidi kwa muhula mzima, kumbe hakuwa akisikia vizuri.

Na kama wiki nne zimepita, utaratibu umefuatwa, mwalimu ni yule yule, usingizi unatosha, na bado mtoto anapatwa na hofu kubwa kila mnapotengana, hata kwa jirani au kwa bibi, hata usiku, tafuta mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Kabla hujaenda, andika kwa siku kumi katika daftari: saa aliyoamka, saa mliyoagana, alilia mpaka saa ngapi, nani alimbembeleza, alikula nini, alikwenda choo mara ngapi, alilala saa ngapi. Mwombe mwalimu aandike upande wake. Mwekee mtaalamu daftari hilo mezani kabla hujasema chochote.